Inapodondoka Oili Sipo Inapovujia

Doa la kwanza aliliona mama watoto. Alikuwa akifagia ua asubuhi, akaniita kwa ile sauti ya upole ambayo waume wote waijua, akanionyesha sakafuni duara jeusi la oili lenye upana wa sahani. Lilikuwa chini ya gari nililomaliza kuliunda wiki tatu tu kabla ya hapo. Nikamjibu kwamba magari yote huvuja kidogo. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, na kwa kuwa makosa yaliyolifuata yalimeza sehemu kubwa ya mishahara ya miezi minne, nimeona yafaa niyaandike hapa, ili ndugu msomaji aliye na gari la kujiundia, au hata gari la kawaida lililozeeka, asiipite njia niliyoipita mimi.

Kwanza nilieleze gari lenyewe. Limeundwa juu ya sakafu ya Volkswagen ya zamani, lile gari la mgongo wa duara ambalo watu wa rika la baba zetu walilijua sana, na ambalo mwaka 1962 lilitwaa ushindi wa mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki. Bodi yake ilikuwa imeliwa na kutu hata mlango ukabaki mkononi mwa aliyeufungua. Lakini Volkswagen hiyo ilibuniwa kwa namna ambayo bodi hufungwa kwa bolti juu ya sakafu ya chuma, na sakafu hiyo peke yake hubeba magurudumu, usukani, gia-boksi na injini. Ukiiondoa bodi, kilichobaki bado chaweza kwenda. Ndiyo sababu, tangu Bruce Meyers wa California alipounda kigari chake cha kukimbilia mchangani mwaka 1964, watu wa nchi nyingi wamekuwa wakijiundia magari kwa kutumia vyombo vya Volkswagen. Gari la mwisho la aina hiyo lilitoka kiwandani Puebla, Meksiko, mwaka 2003, lakini injini zake hazijaisha duniani. Langu nililiunda kwa mabomba ya chuma na mabati, jioni baada ya kazi na siku za mapumziko, kwa muda wa miaka miwili. Injini ni ile ya sentimita za ujazo 1,584, ipozwayo kwa upepo, nayo imekaa nyuma.

Injini hiyo hubeba oili lita 2.5 tu. Haina maji, kazi ambayo katika magari mengine hufanywa na maji, hapa hufanywa na upepo wa feni pamoja na oili yenyewe. Wala kiwandani haikupewa kichujio cha karatasi, bali wavu wa waya tu. Basi ikipotea nusu lita, imepotea sehemu moja katika tano ya damu ya injini. Lakini hatari iliyo karibu zaidi ni moto. Oili idondokeayo mabomba ya moshi huanza kwa kutoa moshi, na ikichanganyika na petroli iliyovuja haiishii hapo. Tena kizimba cha injini hii kimesubiwa kwa aloi ya magnesiamu, madini ambayo yakishika moto huwaka kwa ukali na hayazimwi kwa maji. Mama watoto hakuhitaji kuelezwa elimu hiyo. Jumapili moja alinusa moshi tukiwa njiani, akaniambia nisimame, akawashusha watoto wote watatu na kurudi nao nyumbani kwa miguu. Tangu siku ile gari halikupakia mtoto hata mmoja.

Mimi nikafanya kama wafanyavyo wengi. Nilipiga magoti, nikatazama oili inapodondoka, nikaona ni pale injini inapokutana na gia-boksi. Mahali hapo, ndani, pana gurudumu zito liitwalo flaiwili, na nyuma yake pana pete ya mpira iizuiayo oili isitoke kando ya mtaimbo mkuu wa injini, yaani krankishafti. Mafundi huiita pete hiyo sili. Nikahukumu kwamba sili ndiyo mwivi. Kuifikia hakuna njia ya mkato: injini huteremshwa yote, klachi hufunguliwa, kisha hufunguliwa nati moja kubwa ya milimita 36 iliyokazwa kwa nguvu ambayo mtu mmoja hawezi kuishinda bila spana yenye mkono wa bomba refu. Nikatia sili mpya, nikarudisha kila kitu, nikafuta mikono. Baada ya siku nne doa lilikuwa palepale. Nikalaumu sili, nikanunua nyingine ya bei zaidi, nikaiteremsha injini mara ya pili. Doa likarudi.

Hapo ndipo nilipokwenda Buyenzi. Msomaji wa Bujumbura hahitaji kuambiwa kwamba mtaa ule ni chuo cha mafundi wa magari kisichotoa vyeti. Nilimpata mzee mmoja ambaye alianza kufungua injini za Volkswagen akiwa mtoto wa kumshikia taa baba yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, “Mwalimu, oili hiyo ni ya injini au ya gia?” Sikujua. “Huvuja gari likisimama, au likienda?” Sikujua. “Na mahali pa juu kabisa palipolowa ni wapi?” Nikanyamaza. Akaniambia kwamba nilikuwa nimetoa dawa mara mbili bila kumpima mgonjwa, nami niliyewahi kufundishwa kusahihisha kazi za watoto nikaiona alama niliyostahili.

Maswali yale matatu ndiyo uchunguzi wote, na kila moja lina njia yake ya kulijibu.

La kwanza hujibiwa kwa pua na vidole. Oili ya injini iliyotumika ni nyeusi na huwa na harufu ya kuungua. Oili ya gia-boksi ni nzito zaidi, nayo hunuka kiberiti, harufu ambayo ukiinusa mara moja huisahau. Gia-boksi nayo ina sili yake palepale ilipo flaiwili, na wako watu walioteremsha injini kwa kosa la gia-boksi. Kama oili ya injini yanuka petroli, hilo ni jambo jingine, na la hatari, nitalirudia.

La pili hujibiwa kwa boksi. Chukua boksi la karatasi ngumu lililokunjuliwa, liwe pana kuliko injini, lilaze chini ya gari usiku, ulitie alama kwa kalamu: huku mbele, huku nyuma, hapa katikati ya injini, hapa gia-boksi. Asubuhi utasoma kama usomavyo ramani. Oili idondokayo gari likiwa limelala hutoka aghalabu mahali ambapo huwa imetuama baada ya injini kuzimwa: vifuniko vya valvu, mirija ya vijiti vya kusukuma valvu, au bamba la wavu lililo chini kabisa. Oili isiyodondoka usiku bali huonekana baada ya safari hutoka mahali inaposukumwa kwa nguvu ya pampu, kama kwenye kipoza-oili au swichi ya taa ya oili. Na ile itokayo zaidi wakati wa kupanda mlima, injini ikifanya kazi kwa bidii, ina sababu yake ya pekee, ambayo ndiyo iliyonitesa mimi.

Swali la tatu ndilo kubwa. Oili hushuka chini, na upepo wa feni huitawanya kabla haijashuka. Tone lililo chini ya gia-boksi laweza kuwa limeanza safari yake juu, kwenye shingo la kujazia oili, likapita ubavuni mwa kizimba, likafuata mshono hadi mahali pa chini kabisa, likaning’inia hapo kana kwamba ni mzaliwa wa hapo. Kwa hiyo asiyeisafisha injini hawezi kuona kitu. Injini ikiwa baridi, funika kabureta na distribyuta kwa mfuko wa plastiki, kisha sugua kwa brashi na mafuta ya taa, kutoka juu kwenda chini. Usitumie petroli, hata kama jirani yako huitumia na hajaungua bado. Osha kwa maji ya sabuni, futa, acha ikauke kabisa, na mafuta yale ya taa yaishe kupeperuka kabla hujawasha.

Baada ya hapo mafundi wa nchi tajiri hutia rangi maalumu ndani ya oili na kuimulika kwa taa ya zambarau ionyeshayo njia iliyopitiwa. Mzee alinipa njia nyepesi zaidi, nami kwa kazi niliyosomea nilistahili kuijua kabla yake: chaki. Nilisaga vipande vya chaki nyeupe hata vikawa unga, nikaufunga katika kitambaa chepesi, nikawa naupigapiga juu ya kizimba, mirija na mishono, mpaka injini yote ikawa kama mikono ya mwalimu wa darasa la kwanza. Kabureta ilibaki imefunikwa mpaka unga ulipotua, kwa kuwa chaki ikivutwa ndani ya silinda si rafiki. Juu ya chaki, oili haiwezi kujificha. Hata tone dogo huacha mstari wa kijivu, na mstari huo una mwanzo.

Niliiacha injini ikinguruma taratibu kwa dakika kumi, nikaizima, nikamulika kwa tochi. Chaki ilikuwa nyeupe kila mahali, isipokuwa madoa madogo chini ya mirija miwili ya upande wa kushoto. Nikadhani tumefika. Mzee akatikisa kichwa, akaniagiza nipande nalo barabara ya Bugarama. Barabara hiyo huanzia karibu na ziwa, kwenye kimo kisichofika mita 800, ikapanda mpaka zaidi ya mita 2,000, na injini isiyo na maji huungama dhambi zake zote njiani. Sikufika hata nusu. Niliporudi, tukaifungua bati la nyuma. Kuzunguka puli kubwa iendeshayo mkanda wa feni palikuwa na duara la matone yaliyorushwa. Chini ya kifuniko cha kujazia oili chaki ilikuwa imekuwa tope. Na kule upande wa flaiwili, ambako nilikwisha kutia sili mbili mpya, palikuwa pamelowa vilevile.

Mzee hakutazama sili. Alifuata kwa kidole mpira mfupi utokao kwenye shingo la kujazia oili, akafika mwisho wake, akauliza, “Na hiki ni nini?”

Kilikuwa kipande cha mti. Nilikichonga mwenyewe, nikakipigilia ndani ya mpira na kukikaza kwa klipu, nikafurahia usafi wa kazi yangu. Katika gari la kiwandani mpira ule huenda kwenye kichujio cha hewa. Lakini kichujio cha zamani kilikuwa kirefu mno kwa bati nililolikunja juu ya injini, nikatia kingine kifupi, nacho hakikuwa na tundu la kupokea mpira. Mpira usio na pa kwenda niliuona kuwa uchafu, nikauziba.

Hapa inafaa nieleze, kwa kuwa jambo hili ni la injini zote na si za Volkswagen tu. Kila mara petroli iripukapo ndani ya silinda, sehemu ndogo ya hewa ile ya moto hupenya kando ya ringi za pistoni na kuingia tumboni mwa injini, iliko oili. Hata injini mpya hufanya hivyo. Hewa hiyo lazima itoke, na mlango wake ni ule mpira wa kupumulia. Ukiufunga, hewa hujilimbikiza, na kwa kuwa haina mlango hutafuta dirisha: hupita kwenye sili, kwenye gasketi, kwenye kila mshono, nayo haitoki peke yake bali hutoka na oili. Katika injini hii ya Volkswagen kuna mahali ambapo hata dirisha halihitaji kuvunjwa. Kwenye puli hakuna sili kabisa. Watengenezaji walichonga mfuo wa mzunguko kama wa skrubu kwenye shingo la puli, uirudishao oili ndani kadiri puli izungukavyo. Mfuo huo hufanya kazi vizuri ajabu mradi tumbo la injini halina msukumo. Likiwa nao, oili hutoka hapo kama jasho. Kwa hiyo ukiona duara la matone kwenye puli, usitafute sili ambayo haipo; tafuta pumzi iliyozibwa.

Mzee alikichomoa kile kipande cha mti, akanikabidhi mkononi, wala hakusema neno. Ninacho hadi leo katika mtoto wa meza.

Nilitoboa sahani ya kichujio kipya, nikalehemu kijibomba, nikaunganisha mpira. Aifanyaye kazi hiyo ahakikishe mpira unapanda tangu mwanzo hadi mwisho, usiwe na bonde katikati, kwa sababu mvuke hugeuka maji humo na maji huwa kizibo kipya. Siku hiyohiyo tuliondoa kosa la pili, lililokuwa likilisaidia la kwanza. Mimi nilikuwa nikiongeza oili kila nionapo doa, bila kupima sawasawa, na injini ilikuwa na oili kupita kiasi. Oili ikizidi, krankishafti huipigapiga ikawa povu, na povu hutoka kwa wepesi kuliko oili tulivu. Katika gari la kujiundia usikiamini mara moja kile kijiti cha kupimia, kwani huenda umeinua nyuma kwa magurudumu makubwa, injini ikalala tofauti na ilivyokusudiwa. Mwaga oili yote, tia lita 2.5 zilizopimwa kwa chupa, ngoja dakika kumi gari likiwa mahali tambarare, kisha chomoa kijiti ukione kinasema nini. Kama hakisomi kama ilivyoandikwa, kitie alama yako mwenyewe.

Jaribio la pumzi kila mtu aweza kulifanya. Injini ikiwa moto na ikinguruma taratibu, fungua kifuniko cha kujazia oili uweke kiganja juu. Kupumua kidogo ni kawaida. Ikipuliza kama sufuria ya maharagwe, hali mpira wa kupumulia uko wazi, basi ringi zimekwisha au silinda zimelika, na hakuna sili duniani itakayoponya uvujaji wako. Pesa ya gasketi iweke kibindoni mpaka utakapoifungua injini yenyewe.

Nilipanda tena Bugarama. Oili ya kwenye puli haikuonekana, na ile ya flaiwili haikuonekana. Sili mbili nilizozilaumu hazikuwa na hatia. Ya kwanza niliyoitupa pengine ingefanya kazi hadi leo.

Sisemi kwamba sili ya flaiwili haiharibiki. Huharibika, na sababu yake mara nyingi ni krankishafti kucheza mbele na nyuma kupita kiasi. Mchezo huo hupimwa kwa saa ya kupimia milimita, nao wapaswa kuwa kati ya milimita 0.07 na 0.13. Hurekebishwa kwa pete tatu nyembamba za chuma zilizo nyuma ya flaiwili. Aliyekwisha kuiteremsha injini kwa ajili ya sili bila kupima mchezo huo amefanya nusu ya kazi. Mimi nilifanya hivyo mara mbili.

Yalibaki yale madoa madogo ya mirija. Injini hii ina mirija minane ya bati, miwili kwa kila silinda, ambamo hupita vijiti vya kusukuma valvu, na kila mrija una pete ya mpira huku na huku, jumla kumi na sita. Ncha za mrija zimekunjwakunjwa kama kinanda cha kordioni ili ujibane wenyewe kati ya kizimba na kichwa cha silinda. Mirija ya zamani hupoteza msukumo huo. Kabla ya kuirudisha yapasa kuivuta taratibu kwa mikono, kila upande sawa, hadi urefu wake katika injini ya 1600 ufike milimita 190 hivi, na ule mshono wa bati utazame juu, kwa sababu mshono ukipata kutu ni afadhali uwe mahali ambapo oili haikai. Kazi hii hudai vichwa vya silinda vifunguliwe. Iko mirija ya kuchomeka, yenye vipande viwili na springi ndani, isiyodai hivyo. Ni ghali kidogo, nami kwa mirija miwili niliinunua bila kujuta.

Kosa hili nalo lilikuwa la mkono wangu. Wakati wa kuunda gari niliyaacha mabati madogo yanayouongoza upepo wa feni chini ya silinda, nikidhani ni mapambo ya kiwanda. Upepo ukapotea ovyo, vichwa vikapata joto kupita kiasi, na pete za mpira zilizo karibu navyo zikakauka na kuwa ngumu kama kucha. Nilikwenda kuyatafuta mabati hayo katika magari mabovu, nikayapata moja moja kwa wiki tano. Mwenye kuunda gari na asitupe bati hata moja litokalo kwenye injini kabla ya kujua kazi yake.

Vifuniko vya valvu nitavitaja kwa ufupi, maana kuvitengeneza ni kazi ya nusu saa. Kila kimoja kina gasketi ya kizibo, kikishikwa kwa waya mnene wa springi. Igandishe gasketi kwenye kifuniko, si kwenye kichwa, na upande wa kichwa upake grisi kidogo tu. Kifuniko kilichopinda hakiponi kwa gasketi mbili. Swichi ya taa ya oili hukazwa kwa kiasi, kwa kuwa uzi wake ni wa kuchongoka na hupasua kizimba. Bamba la wavu lililo chini ya injini lina nati sita ndogo, nalo ndilo kaburi la wenye misuli. Nguvu iwezayo kuzikaza ni ya vidole na spana fupi, haizidi nyutoni-mita 7. Atumiaye spana ndefu hulipinda bamba, likavuja. Akikaza zaidi livujavyo, stadi hung’oka kutoka katika magnesiamu, na hapo msomaji atakuwa amegeuza uvujaji wa senti kuwa kazi ya kerezo. Weka gasketi mbili mpya na washa za shaba, kisha uache.

Kipoza-oili ndicho nikiogopacho zaidi ya vyote. Kimesimama ndani ya jumba la feni, upande wa kushoto, juu ya silinda ya tatu na ya nne, na pete zake mbili ndogo za mpira hupitisha oili yote kwa nguvu ya pampu. Hapa doa halikui pole pole kwa miezi; pete ikipasuka, lita 2.5 zaweza kumwagika katika safari moja fupi. Ukiona oili ikichuruzika kutoka kwenye mabati ya upande wa kushoto, na mirija haina kosa, usiseme utangoja mwisho wa mwezi. Pete hizo ziko za vipimo viwili, vya matundu ya milimita 8 na vya milimita 10, na muuza duka asiyejua atakupa zozote. Nenda na ile ya zamani mkononi.

Kuna na dawa ya kupaka, ile gundi ya silikoni iuzwayo katika tyubu, ipendwayo sana na sisi waunda magari kwa sababu huficha vibaya tulivyovipiga tupa. Mahali pake papo: nusu mbili za kizimba, kwa mfano, hazina gasketi kati yao na hupakwa dawa maalumu, tena nyembamba. Lakini ile inayofura nje ya mshono, basi na ndani imefura vilevile, na vipande vyake hukatika vikaenda kuziba wavu wa oili. Nimeona wavu uliofunikwa nusu kwa vijipande vyekundu vya silikoni. Mwenye gari alikuwa akijisifu kwamba halivuji.

Nilisema nitarudi kwenye harufu ya petroli. Pampu ya petroli ya injini hii imekaa juu ya kizimba, ikisukumwa na kijiti kitokacho ndani. Ngozi yake ya mpira ikitoboka, petroli hushuka moja kwa moja kwenye oili. Mwenye gari huona muujiza: kijiti cha kupimia chaonyesha oili inaongezeka. Kwa hakika imekuwa nyepesi kama maji, hupita kila sili, haibebi tena chuma juu ya chuma, na mvuke wake huwaka. Gari la namna hiyo lisiwashwe hata kulisogeza kivulini. Badilisha pampu au ngozi yake, mwaga oili yote, tia mpya. Kijiti kilichopanda bila wewe kuongeza kitu kinastahili hofu kuliko kilichoshuka.

Boksi la karatasi bado nalilaza chini ya gari kila Jumamosi usiku, na mama watoto ndiye alisomaye kabla yangu, kwa kuwa huamka mapema. Juma lililopita alinionyesha tone moja, dogo kuliko punje ya mtama, upande wa kulia mbele ya alama ya katikati. Ni kifuniko cha valvu. Nitakibadilisha gasketi siku ya kumwaga oili. Aliniuliza kama nina hakika, nikamwambia nimepaka chaki na nimeona mstari unapoanzia. Akalikunja boksi, akaenda kuwavisha watoto, maana siku hiyo tulikuwa tukienda ziwani.